Jigso Chini ya Kitanda cha Mgonjwa

Jumatatu, 4 Machi

Chini ya kitanda changu kuna jigso. Nimeificha nyuma ya beseni, mahali ambapo mke wangu hufagia kwa kubahatisha. Naandika ili, nikifa kabla ya kuamka, atakayeukuta msumeno wa umeme chini ya mgonjwa asidhani nilikuwa na mpango wa kumkata mtu. Shemeji nilimfikiria, lakini si kwa jigso.

Jambo la pili nililoficha ni kubwa zaidi, na ndilo lililoileta jigso. Ile fremu ya kioo iliyotundikwa sebuleni, yenye majani yaliyopinda na ndege kwenye pembe. Nilimpelekea mke wangu wakati wa uchumba, nikaapa mbele ya baba yake kwamba nimeikata kwa mikono yangu. Sikuikata. Niliinunua kwa fundi wa mji mwingine. Baba mkwe alikuwa ametangaza kwamba hamtoi binti yake kwa mtu ambaye vidole vyake havijui kitu ila chaki. Nikampa fremu. Akaigeuza, akainusa, akasema, "Kumbe mwalimu una mikono!" Nikapewa mke.

Tangu hapo nimeishi kwa visingizio. Aliyeomba kiti, nilikuwa na mgongo. Aliyeomba rafu, mbao za siku hizi hazifai. Nikawa mkuu wa shule: kazi nyingi. Nikastaafu: macho. Ufundi wa maisha mazima bila kupigilia msumari hata mmoja!

Sasa mjukuu anaolewa. Mke wangu amemwahidi, bila kuniuliza, fremu kama ile, ya mkono wa babu. Akaongeza "mapema", na wote wakatazama sakafu.

Daktari amesema moyo umechoka. Nisinyanyue kitu kizito kuliko gazeti. Jigso ni nzito kuliko gazeti. Hata la Jumapili.

Mpango: nitaikata fremu mwenyewe. Nikifaulu, uongo wangu hautakuwa uongo tena, utakuwa ukweli uliochelewa njiani. Nitakufa mwaminifu. Sijui kwa nini sikuwaza hivi mapema.

Jumanne, 5 Machi

Jana sikuwa na pumzi ya kuandika habari za dukani. Nilimwambia mke wangu naenda kupima presha. Si uongo kamili. Presha ilipanda.

Muuzaji ni mama mwenye penseli nyuma ya sikio. Akauliza nakata nini. Nikasema mbao. Mbao gani? Unene gani? Mstari ulionyooka au mikunjo? Nikasema vyote. Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyejibu "vyote".

Akaweka tatu mezani. Ya kwanza ya betri, nyepesi, haina waya wa kumkwaza mzee. Ya pili ya waya, yenye gurudumu la kupunguza mwendo na swichi inayoufanya wembe uchezecheze mbele na nyuma. Ukikata mikunjo, akasema, izime hiyo. Ya tatu kubwa, nyekundu. Akasema hiyo humuuzia mtu asiyempenda, maana sahani yake ya chini inalegea na haitakata wima hata kwa maombi. "Shika hii ya pili, baba, uisikie mkononi." Nikashika. Bega likashuka upande mmoja. Nikasema naipima uzito.

Nikachukua nyekundu. Ilikuwa na sura ya mamlaka.

Kisha nyembe. Za meno makubwa hukata haraka na kuchana mbao. Nyembamba za meno madogo ni za mikunjo. Nikachagua zenye meno madogo kabisa, yaliyopangika kama mwandiko mzuri. "Hizo ni za bati, baba." Nikasema najua. Sikujua. Akatumbukiza na pakiti ya za mbao kwenye mfuko wangu, akasema nitamkumbuka.

Nimesoma kitabu cha maelekezo chooni, mlango ukiwa umefungwa. Makosa ya uandishi yasiyohesabika! Nimeyasahihisha yote kwa kalamu nyekundu na kukipa alama C. Sikuzingatia kilikuwa kinasema nini.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji amewasili. Mdogo wake mke wangu. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, na hadi leo humtazama kila mtu kama aliyepanda bila tiketi. Nyumba nzima humwita Mkaguzi. Atakaa hadi harusi ipite. Ameishuku fremu yangu tangu uchumba. Kila akija huipapasa, kisha hunitazama vidole.

Leo ameuliza kwa sauti ya asali kama nimeanza kazi. Nikasema msanii haharakishwi. Akasema kweli, hasa msanii asiye na randa wala nyundo.

Alipotoka na dada yake kwenda kwa mshona nguo, nikapata nafasi. Nikaburuta jigso kwa mkanda wa suruali hadi meza ya chakula, maana stoo haina soketi. Nikalaza ubao wa plaiwudi. Nikafunga wembe wa bati. Nikawasha.

Lo! Sikujua kifaa kidogo kina hasira kiasi kile. Kiliruka juu ya ubao kama mbuzi aliyekanyaga kaa. Nikakikandamiza. Hakikukata, kilipika. Moshi! Wembe ukawa mwekundu kama jigso yenyewe. Nilikuwa nimesonga urefu wa kidole, na si kile cha kati, niliposikia geti, nikavisukumiza vyote chini ya kitanda.

Mshona nguo hakuwepo kazini. Mkaguzi kasimama mlangoni, pua juu, anauliza ni mngurumo gani ule. Nikasema nasaga karoti kwa ajili ya moyo. Akasema naye angependa glasi moja.

Hatukuwa na karoti.

Alhamisi, 7 Machi

Karoti zimenunuliwa. Mke wangu kaleta gunia dogo, kafurahi kwamba hatimaye najali afya.

Leo nimefunga wembe wa meno makubwa. Ndipo nikaelewa maana ya msumeno. Ulikwenda kama uvumi! Mstari nilioupiga penseli ukaenda kushoto, mimi nikaenda kulia. Uso mzuri wa ubao ulichanika kandokando kama kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye haraka, lakini kukata kulikuwa kwepesi mno, nikajisifu kwa sauti. Kisha nikainua ubao. Meza ya chakula ilikuwa na mkunjo uleule. Mzuri kuliko wa kwenye ubao.

Meza ya mke wangu. Mbao ngumu tupu.

Nimeifunika kwa kitambaa cha wageni. Akauliza wageni gani. Nikasema Mkaguzi. Macho yakamlengalenga, akasema alijua siku moja nitampenda ndugu yake. Wakati wa chakula bakuli la mchuzi la Mkaguzi lilikuwa juu ya ufa. Liliinama polepole, kwa heshima, likamwinamia mapajani. Sikucheka. Nilikohoa kwa muda mrefu sana.

Glasi mbili za karoti amekunywa. Akalalamika zina punje. Nikasema ni nyuzinyuzi, zinasafisha tumbo. Akazitafuna. Punje moja ya mbao akaitema, akaikunja ndani ya leso na kuitia mfukoni kama ushahidi.

Jumamosi, 9 Machi

Ubao umebaki mmoja. Nimesoma tena kitabu cha maelekezo, safari hii kwa ajili ya maana. Kumbe wembe hukata unapopanda, si unaposhuka, kwa hiyo mipasuko hutokea juu na uso mzuri unatakiwa kulala chini. Mimi niliuelekeza mbinguni. Kumbe ubao hubanwa, na sehemu inayokatwa hutokezwa nje ya meza. Kumbe msumeno hausukumwi. Huachwa ule kwa kasi yake. Kabla ya kukata tundu la kioo hutobolewa shimo la kupitishia wembe. Sina drili. Nilitumia patasi, nikaigonga kwa kisigino cha kiatu changu cha ualimu mkuu.

Mwisho kimeandikwa: usitumie kifaa hiki ukiwa mgonjwa, umechoka au umemeza dawa. Pembeni nikaweka alama ya kuuliza.

Mke wangu na Mkaguzi wako kwenye kikao cha harusi. Uso mzuri chini. Wembe mwembamba. Nikakata. Nikapumzika sakafuni. Nikakata. Nikameza kidonge. Nikakata.

Nimemaliza! Tundu la kioo lilikusudiwa kuwa yai, limekuwa kiazi. Majani yanafanana na masikio, na si ya mtu mmoja. Sahani ya jigso ililegea kama yule mama alivyotabiri, kwa hiyo kingo zimelala upande. Kwenye pembe ya juu wembe uliruka ukang'oa kipande kikubwa kama sanduku la kiberiti. Kuna damu kidogo kwenye jani la tatu. Ni yangu.

Ni mbaya. Mjukuu hawezi kupewa kitu kile na akabaki na imani na ukoo wake. Hata hivyo niliipiga msasa. Niliishika kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha nikaisukumiza nyuma ya kabati la nguo.

Jumapili, 10 Machi

Mpango mpya, na nashangaa ukali wa akili yangu katika umri huu. Nitaitoa ile fremu nzuri ukutani, niilaze juu ya ubao mpya, nizibane pamoja, jigso ifuate ukingo wake. Mtoto mdogo huchora mkono wake hivyohivyo.

Ubao nimeung'oa mgongoni mwa kabati la nguo. Kabati halitazami nyuma.

Wameenda kumsalimu shangazi. Nikaishusha fremu, nikatoa kioo, nikatafuta ndege wa kwenye pembe nimzunguke kwa uangalifu. Hakuna ndege. Nikavua miwani, nikavaa miwani. Majani matupu. Miaka yote nawaambia wageni, "Mtazameni hasa yule ndege," nao hutikisa vichwa na kusema ni wa ajabu! Basi ndivyo macho yanavyokufa kabla ya mwenyewe.

Nikabana. Nikawasha. Sahani ikalegea.

Niandike tu. Jigso iliacha ubao na kuifuata fremu. Ilipita katikati ya majani mawili ya juu hadi kwenye tundu la kioo. Fremu ya uchumba wangu, iliyonipa mke, watoto na heshima, imekatika. Nimekaa na kipande mkononi. Nilikuwa nataka kufa kabla hajajua. Sasa nataka kufa kabla hajarudi.

Nikasikia geti. Nikameza vidonge viwili nikajifunika shuka hadi kichwani.

Jumatatu, 11 Machi

Lazima niandike hili vizuri.

Jana mke wangu aliingia chumbani na vipande viwili mkononi. Mkaguzi alikuwa amelala sebuleni. Mke wangu akafunga mlango, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nikafumbua jicho moja. Alikuwa analia. Nikajua yameisha, nikafungua mdomo niungame kila kitu. Naapa nilifungua.

Akatangulia yeye. "Mwalimu, usihuzunike. Hii siyo ile yako."

Nikafunga mdomo.

Akasema mwaka wetu wa pili, nilipokuwa kwenye mafunzo ya wakuu wa shule, aliigonga fremu kwa mpini wa fagio. Ikaanguka, ikapasuka vipande, kazi ya mikono ya mumewe. Alilia siku nzima. Kisha akavifunga vipande kwenye kanga, akampelekea seremala, akamsihi atengeneze nyingine kabla sijarudi. Seremala akaweza majani. Ndege hakumweza.

"Nikasubiri uniulize ndege yuko wapi. Hukuuliza. Nikadhani umejua na umenisitiri. Kila ukimwambia mgeni amtazame ndege, nilikuwa naona unanichoma makusudi, nakimbilia jikoni."

Nilidhani anakwenda kuleta chai! Miaka yote! Nikamsifu mbele ya wageni kwa wepesi wake!

Akatoa kopo lake la kushonea, na chini ya vifungo na nyuzi, ndani ya kitambaa, alikuwemo ndege. Mdogo, bawa moja limeinuka. Akamweka kiganjani mwangu akasema nimsamehe kabla hatujaachana.

Basi. Nafasi ilikuwa imekaa mbele yangu na miguu yake imekunjwa. Maneno matatu tu: hata mimi sikuitengeneza. Mwanamke angecheka, au angenipiga kwa kopo, na vyote viwili nilistahili. Moyo ulinidunda kama jigso kwenye ubao usiobanwa.

Nikamshika mkono. Nikamwambia nimemsamehe.

Jumatano, 13 Machi

Mke wangu anaimba! Sijamsikia akiimba hivi tangu watoto wakiwa wadogo. Napewa uji kitandani. Napewa mto wa ziada. Kusamehe ni jambo zuri sana. Sielewi kwa nini watu hawafanyi mara nyingi zaidi.

Amekuja na mpango wake mwenyewe, akiuita wetu. Nisijisumbue tena. Mtoto wa yule seremala bado ana karakana, ameshaagiza fremu. Mjukuu ataambiwa ni kazi ya babu, maana ingekuwa hivyo kama si moyo. Siri iwe ya wawili. Nikakubali kwa unyenyekevu. Sasa mimi na mke wangu tuna siri moja. Yaani yeye anayo moja.

Ndege nilibaki naye mkononi, sikujua pa kumweka. Alipokwenda sokoni niliitoa ile fremu mbaya nyuma ya kabati. Ndege akatosha kabisa kwenye lile pengo la pembeni. Nikampaka gundi. Ili pengo lisionekane tu, si kwa sababu nyingine.

Jumamosi, 16 Machi

Siku ya zawadi. Sebule imejaa. Fremu ya karakana ilifunuliwa, inang'aa vanishi, wima kila upande. Makofi! Nikainua mkono dhaifu. Mjukuu akanikumbatia, akasema, "Babu, na ugonjwa wote huo!" Nikasema si kitu, mwanangu, ni mazoea. Ulimi huu utazikwa ukiwa bado unatikisika.

Ndipo Mkaguzi akasimama. Alikuwa amekagua nyuma ya kabati. Akatoa ushahidi wake polepole kama mtu aliyemkamata abiria bila tiketi: kwanza leso yenye punje, kisha kitabu cha maelekezo chenye wekundu, mwisho fremu mbaya, akaiinua juu. Akauliza jamaa wamweleze, ikiwa mkono ulioikata ile ndio uliokata hii, mkono huo ulikuwa na homa siku gani?

Kila jicho kwangu. Nikafikiria haraka kuliko nilivyowahi kufikiria mbele ya wakaguzi wa elimu.

"Shemeji," nikasema kwa upole, "usione haya. Kila mwanafunzi huanza hivyo. Nilikuazima jigso ili ujifunze, na umejitahidi."

Kicheko! Mkaguzi akafungua mdomo kama chura. Tungemaliza hapo. Lakini mjukuu akaichukua mkononi mwake, akapitisha kidole kwenye kiazi, kwenye masikio, kwenye lile jani lenye doa.

"Jamani, hii imetoka jasho la mtu," akasema. "Ile ya babu ni kama ya dukani. Mimi nataka hii kwangu. Mjomba babu, asante!" Akamkumbatia Mkaguzi mpaka machozi yakamtoka.

Nilingoja Mkaguzi akane. Akanitazama. Akaitazama fremu. Akafunga mdomo, akapangusa koti, akasema haikuwa kazi rahisi, hasa lile jani la tatu.

Mwizi!

Mke wangu akasogea aione. Akamwona ndege. Akaitazama kazi ile mbovu, jani baada ya jani, kisha vidole vyangu vyenye plasta, kisha ukutani palipokuwa na fremu. Alikuwa anapiga hesabu, na mimi nilimjua tangu ujana kuwa ni hodari wa hesabu.

Akauliza taratibu, "Ndege huyu Mkaguzi kamtoa wapi?"

Nikapata kikohozi. Nikabebwa hadi kitandani. Nilisikia akienda jikoni. Hakurudi na chai.

Jumapili, 17 Machi

Nimeamka, kwa hiyo sikufa. Jigso ilikuwa juu ya meza ya dawa, imefutwa vumbi, imechomekwa kwenye soketi. Kando yake ubao. Mke wangu ameketi kwenye kiti, mikono imekunjwa.

Akasema anataka kigoda. Kidogo tu, cha kukalia akiosha vyombo. Ana nafasi leo, atakaa hapohapo anitazame nikikata. "Uso mzuri chini, Mwalimu. Nimesoma kitabu chako. Umekosea kusahihisha ukurasa wa tatu."

Nikamwambia mgongo.

Akasema haya. Nikamwambia na mbao hizi za siku hizi. Akasema haya. Akaniuliza, mara moja tu, bila hasira, ni nani aliyeikata ile fremu yenye ndege. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakukuwa na mgeni, hakukuwa na Mkaguzi. Ilikuwa kusema neno moja.

"Shemeji," nikasema.

Akacheka. Akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akachukua kopo lake la kushonea akanipiga nalo begani, si kwa nguvu, kisha akalia kidogo, akaenda kunipikia uji. Nausikia wimbo wake kutoka jikoni. Kesho nitatuma ujumbe kwa mtoto wa seremala kuhusu kigoda. Akipitishie dirishani.

Jigso nimeirudisha chini ya kitanda. Ile fremu mbaya niliikata mimi.